Namba Juu ya Mbavu

Kiolezo kizuri hakitoki dukani.
Hutoka Hospitali ya Sendwe, kwenye filamu za eksirei
ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua:
ngumu, nyepesi, hazinywi rangi.
Mlinzi ananipimia kwa kilo, kama dagaa.

Basi nakata tarakimu kwenye magoti ya watu,
kwenye nyonga, kwenye taya lenye jino la dhahabu
linalong'aa kuliko alivyowahi kung'aa mwenyewe.
Wembe hauulizi jina.

Safari hii ni lori la jeshi la Mbelgiji,
la enzi zile babu zetu walipopelekwa Abisinia
na blanketi moja moja.
Bwana Pantelis alilikuta Kasenga,
kuku wakitagia kiti cha dereva,
akalibeba juu ya lori jingine mpaka gereji yetu ya Katuba.
Mwepu alihangaika na injini miezi kumi na minne.
"Linakohoa," alisema siku lilipowaka,
"ila linakohoa kizungu."

Kazi yangu huja mwisho, wenzangu wakishanawa mikono.
Uzito wa kuvukia daraja, ndani ya duara la njano.
Kipimo cha upepo juu ya kila gurudumu.
Kwenye boneti namba nyeupe, tarakimu sita.

Picha niliyopewa ni ndogo kama kiberiti.
Askari wanne wameegemea boneti, hawacheki.
Wa kulia ameweka kiwiko
juu ya tarakimu mbili za mwisho.
"Bahatisha," akasema Bwana Pantelis. "Nani atajua?"

Nani atajua.
Kile kiwiko kilijua.

Mlango wa kushoto ulikuwa na bluu ya mwuza unga,
chini yake kijivu cha misheni,
chini kabisa kijani chenyewe, kimepauka kama jani la muhogo juani.
Juu ya bluu mtu alikuwa ameandika, bila kiolezo, bila rula:
TULIA TUTAFIKA.
A ya mwisho imebanwa na bawaba
kwa sababu fundi hakupima.
"Kwangua yote," aliniagiza.
Nilikwangua yote. Pale tu
nilipitisha msasa kama mtu anayepangusa uso wa mgonjwa,
kisha nikapiga kijani juu yake.

Usiku nikavuta bahasha chini ya godoro.
Kifua cha baba, Kyungu wa tanuru la shaba.
Upande wa kushoto, wingu
ambalo daktari alilizungushia kalamu nyekundu
halafu akaanza kuzungumza nami kwa sauti ya chini.
Kitanda chake kilikuwa namba arubaini.

Nikakata nne. Nikakata sifuri.
Asiyekata violezo hajui jambo hili:
sifuri ukiizungusha wembe hadi mwisho,
tumbo lake linaanguka sakafuni, unabaki na tundu.
Lazima uache vidaraja viwili, juu na chini,
vya kushikilia kilichomo katikati.
Mimi niliviacha vinene kuliko desturi.
Ubavu wa nne ulipita juu, wa sita ukapita chini.

Brashi fupi, rangi kidogo, gonga, usipake.
Gonga, gonga.
Nikabandua filamu, nayo ilikuwa imeshika weupe
pale pote pasipokuwa baba.

Siku ya maonyesho, mbele ya posta,
watoto waliisoma namba kwa sauti, moja moja,
wakamaliza na arubaini kana kwamba imekuwepo daima.
Bwana Pantelis alipiga picha boneti mara nyingi.
Saa kumi na moja, jua limelala ubavuni,
lori likazima katikati ya njia.
Mwepu akatukana kwa Kibemba. Watu wakaja kusukuma.

Kijana mmoja alikuwa ameuegemeza mkono mlango wa kushoto.
Nilimwona anasita, anainua kiganja, anakitazama,
anakirudisha palepale, taratibu,
kutoka T hadi kwenye bawaba.
Halafu akacheka, akawaambia wenzake,
"Twende. Limesema tutafika."