Kufuli Tatu

Kila jioni Bwana Twalib hufunga duka:
kufuli tatu, moja baada ya moja,
na kila moja huitikisa kama anayeamsha mtoto wa shule.
Misumari, mabati, saruji, rangi.
Hapa Malindi, mtaa wa nyuma ya soko,
hajawahi kuibiwa hata bawaba.

Ndani, kompyuta hubaki ikiwaka.
Neno la siri ni jina la duka na mwaka lilipofunguliwa,
limeandikwa kwa kalamu ya seremala chini ya kibodi.
Twalijua sote wanne, na Tsuma pia,
aliyeachishwa kazi baada ya Idi, akaenda na hasira zake
na ufunguo ambao hakuna aliyemdai.

Kila asubuhi mashine iliniuliza: nisasishe sasa?
Nami, foleni ya mafundi imefika mlangoni,
nilibonyeza Baadaye.
Baadaye ilikaa miezi kumi na minne.
Nakala za hesabu zilikuwepo, kwenye kidude
kilichochomekwa ubavuni mwa mashine ile ile:
mbegu ya akiba ndani ya chungu kinachochemka.

Jumanne, saa tano, barua pepe ya Bwana.
Niko mkutanoni. Usinipigie.
Lipa mabati kwa akaunti hii mpya. Leo leo.
Jina lake. Ukali wake. Hata hiyo leo leo.
Niliona herufi moja imezidi kwenye anwani.
Niliiona, wallahi,
kama unavyoona unywele kwenye wali uliokaribishwa,
ukameza.

Laki nne na themanini elfu.
Alhamisi hesabu zote zikafungwa
kwa kufuli isiyotikisika.

Sasa fundi ametoka Mombasa, anauliza: aliingilia wapi?
Bwana hajibu. Ananitazama.

Nami nakumbuka usiku ule umeme ulipokatika,
Bwana karudi kuchukua miwani,
Ngowa mlinzi akammulika tochi usoni.
Simama hapo hapo. Nani wewe?
Mwenye duka!
Wenye duka ni wengi usiku. Sema jina.
Asubuhi Bwana alitusimulia akicheka hadi machozi,
akamtunza Ngowa elfu moja taslimu.
Huyu, alisema, huyu ndiye mlinzi.

Mimi, siku niliyompigia kuhakikisha hundi,
aliniuliza kama nilisoma shule
au nilipita nje yake.

Fundi anaandika.
Sijui kama fomu yake ina nafasi ya hilo.