Pindo Hupimwa Kutoka Sakafuni

Nyonga yangu ya kushoto imepanda vidole viwili.
Mafundi wa Temeke wanaijua,
na wote waliniambia neno lile lile, kwa upole:
"Tutaificha, dada."
Wakaificha kwa marinda. Wakaificha kwa frili.
Mmoja akaificha kwa ua kubwa la satini,
nikaenda harusini kama keki iliyobebwa upande.

Mwaka huu nimechoka kufichwa.

Kitenge nilikinunua Kariakoo, Mtaa wa Kongo,
yadi nne, na muuzaji akaapa hakichuji.
Nikakiloweka usiku kucha kwenye beseni;
asubuhi maji yalikuwa sharubati ya zambarau.
Bora kichujie hapo, na kama ni kunywea
kinywee kabla ya mkasi,
kisije kikaninywelea mwilini mbele za watu.

Cherehani ni ya Bi Siwema, chumba cha nne,
ya miguu, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika.
Umeme ukikatika mtaa mzima unaguna,
sisi tunaendelea kukanyaga.
"Usiikimbize," alisema. "Na kwanza piga bandi."
Uzi mweupe, hatua ndefu ndefu,
mshono wa uongo unaomwekea nafasi wa kweli.

Sikumsikia.
Nikashona mkono wa kulia kwenye kwapa la kushoto.

Kufumua ni kazi ya wembe na kumeza mate,
tundu moja, tundu moja,
huku redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo
na majina ya wafiwa wote hadi Kilwa.
Nilipomaliza, nikapiga bandi.

Jasho la Desemba hufuta chaki.
Nilichorea kipande cha sabuni ya kuogea
kilichokonda hadi kuwa na makali,
nguo ikaanza kunukia kabla haijawa nguo.
Badani ya nyuma, badani ya mbele.
Kisha ubavu wa kushoto,
na hapo mkasi ukasita mkononi.
Miaka yote mafundi waliitoa nyonga hii kwenye hesabu.
Mimi nikaijumlisha:
vidole viwili, nikavipima mara tatu,
nikakata.

"Pindo halipimwi kutoka kiunoni," alisema Bi Siwema.
"Kiuno chako kina maneno yake. Panda kigodani."
Mjukuu wake, Hamduni, akalala kifudifudi
na rula ya shule, pini kinywani,
akanizunguka kama saa mbovu.
"Thelathini. Thelathini. Usipumue, shangazi.
Thelathini."
Pini ya tisa ikanichoma, nikapiga kelele,
akasema, bila kuinua kichwa, thelathini.

Nilikunja mara mbili, nikapiga pasi ya mkaa,
nikashona pindo kwa mkono,
nikiokota nyuzi moja moja za kitambaa
ili kwa nje sindano isiache hata nyayo.
Nikaenda kumwonyesha.
Hakutazama maua, hakutazama shingo.
Aliigeuza nje ndani,
akapitisha kidole kwenye upapi wa kila mshono,
akang'ata uzi mmoja uliobaki.
Karibu na zipu kidole kikasimama.
"Hapa ulisinzia."
"Nifumue?"
Akafikiri muda mrefu kuliko nilivyopenda.
"Acha. Ila ujue lipo."

Jumapili nilipita dukani kwa yule fundi wa ua.
Akatoka na futi shingoni,
akanitazama mbele, akazunguka nyuma,
akainama kutazama pindo, limenyooka kama maji kwenye bakuli.
"Umeificha wapi?"
Nikaiwekea mkono.
"Si hii hapa."

Zipu, pale niliposinzia,
ikanikwaruza kidogo kidole gumba.