Nili Baada ya Hina

Imogen aliniuliza kama nina mzio.
Sikujibu. Nilimwekea mkono mezani.
Hapo, chini ya kidole gumba, pana ua:
lilichorwa kwa piko, harusi ya Swabaha,
mwaka wa tisini na nne.
Wino ulitoka wiki ya tatu.
Ua halikutoka.

Tangu siku hiyo ngozi yangu haisahau.
Mwaka jana nilijidanganya na boksi la dukani,
lile la mwanamke anayecheka peke yake,
nikaamka macho yamefumba kama mtoto wa paka.
Dorota alinishikia zamu mbili
kule tunakofua mashuka ya hospitali,
na mvi zikabaki zilipokuwa,
zimekaa kipajini kama wenye nyumba.

Ndiyo maana, Februari, Leicester, mvua ya pembeni,
nikajikuta Clarendon Park
kwenye saluni yenye vyungu vya mimea kuliko wateja.
Ukutani wameandika: hapa hakuna kitu cha mnyama,
si maziwa, si asali, si nta ya nyuki.
Nikabana cheko.
Nyanya yangu alitwanga majani ya mhina miaka sitini
na hakuna siku aliyomwita ng'ombe aje kumsaidia.
Lakini paundi themanini na tano
si pesa ya kubishana.

"Itashika?" nikauliza.
Imogen ni rika la binti yangu, uongo haujamzoea.
"Hina itashika. Nili, tutaona.
Hizi za kipajini zina kichwa kigumu."

Kichwa ni changu. Nikanyamaza.

Tope la kwanza lilikuwa la moto,
likanuka kama majani makavu yaliyonyeshewa.
Kofia ya plastiki, taulo, saa mbili.
Tukaongea. Nikamwambia kwetu husemwa
ng'ombe hazeeki maini.
Akasimama, brashi hewani:
"Ni lazima awe ng'ombe?"
Tukatafuta wa kumbadili.
Muhogo ukikaa sana unakuwa kamba.
Mchicha haufiki kesho.
Mwisho tukakubaliana na tangawizi,
ambayo kadiri inavyokunjamana
ndivyo inavyokuwasha.

Aliposuuza nikatazama kioo: karoti.
Karoti mbichi, iliyoivaa sura yangu.
"Subiri," akasema, akachanganya nili,
uji wa kijani unaogeuka buluu ukiutazama.
Saa nyingine. Shingo ikaniuma.
Nje watu walipita na miavuli yao
na hakuna aliyejua kwamba mle ndani
majani mawili yalikuwa yanazungumza juu ya kichwa changu.

Kwenye basi, chini ya taa, nilikuwa na kijani kidogo.
Mtoto mmoja alinikodolea macho hadi London Road.
Siku ya pili kijani kikalala.
Siku ya tatu nikawa kahawia, kahawia kweli,
na kipajini, kwa wale wakaidi,
rangi ya gamba la mdalasini.

Dorota alinizungusha kando ya mashine ya kukaushia.
"Hawajafichika," akasema.
Hapana. Wamevishwa.

Sasa ni wiki ya sita, na mkitaka hesabu, hii hapa:
hina haijasogea hata unywele;
nili imehamia kwenye foronya kidogo kidogo;
kichwa hakikuwasha, macho hayakuvimba;
na mizizini, nusu sentimita ya weupe
imekuja kuangalia nani amekaa mahali pake.

Lipo na jingine, sijamwambia Imogen.
Alinipa tope lililobaki, kijiko kimoja kwenye kikopo.
Usiku ule nililipaka juu ya lile ua.
Asubuhi ngozi yote ya pembeni ilikuwa nyekundu, imekolea,
ila kovu lilikataa rangi.
Petali tano, nyeupe.
Sikuwahi kuliona vizuri kiasi hicho.