Upanga wa Kapteni wa Zohali

Jumapili, duka la fotokopi la Barabara ya Nane
halitoi kopi.
Tunaivika mashine shuka, tunaunganisha meza mbili,
na Ngamiani inageuka sayari:
vizibo vya soda ni vifaru,
vifuniko vya kalamu ni mizinga ya miale,
askari tumewafinyanga kwa nta na gundi,
warefu kama kidole gumba, kila mmoja na jina lake.

Ukutani, juu ya wote, Kapteni.
Kilua alimchora kwa rangi zilizobaki
alipomaliza bango la kinyozi wa Makorora,
ndiyo maana kanyolewa vizuri hivyo
mtu aliyetoka vitani Zohali.
Amekanyaga kifaru kinachoungua,
deraya mabegani kama masufuria ya shughuli,
upanga juu, mkono mmoja, mrefu kama ngazi.

"Huyu hapigi mtu," alianza Semkiwa,
ambaye kila ugomvi huuanza akiwa bado anatafuna.
"Kwa mabega hayo mkono haupandi.
Ukipanda, chuma kinamng'oa sikio."
Mbaruku akasema kule mvutano ni mdogo,
upanga una uzito wa fagio.
"Basi na pigo lina uzito wa fagio.
Atamfuta adui vumbi."

Dadu zikasahauliwa.
Shekue akaleta swali lake la miaka yote:
mwenye bunduki ya kutoboa mwezi
anatafuta nini na panga?
Risasi huisha, akajibiwa.
Na makali huisha, akajibu.
Na miguu je? Hebu tazameni miguu!
Visigino vimegusana kama yuko gwaride,
msukume kwa kidole, chali.
Na kipini kakishika
kama mshereheshaji na maiki.

Kilua alikuwa kwenye ndoo anaosha brashi.
Hakugeuka.
"Mkimaliza mseme."

Mbaruku, kwa kumtetea,
akachukua rula ya chuma ya kukatia karatasi,
ile ya mita moja, akapanda kiti,
akasimama kama Kapteni
na kushusha pigo. Hapana, hakuwahi kushusha.
Alipandisha tu. Taa ya mrija ikapasuka
ikanyesha juu ya majeshi yote mawili
bila upendeleo.

Mlango ulikuwa umeteremshwa. Gizani ndipo aliposema:

"Mama alikata mkonge Kigombe miaka kumi na tisa.
Kisu chake sijakiona kikipita bega.
Kiwiko mbavuni, goti likunje, nyonga isukume,
jani linatoka shinani
kama mtu anavyofunga droo.
Thelathini, tita. Thelathini, tita.
Nikamchora. Ukubwa huuhuu, kila kitu sawasawa,
mpaka kidole gumba kilivyolala kwenye mpini.
Watu wakatazama, wakaniuliza:
huyu mama kaangusha hela?
Mwenyewe alipoiona akasema, ndivyo hasa.
Halafu akasema, lakini mwanangu,
nani atanunua mtu aliyeinama?"

Maji yakamwagwa kwenye ndoo.
"Sasa huyu nimemnyanyua.
Tatizo lenu ni visigino?"

Hakuna aliyejibu.
Tukawasha tochi za simu, tukaokota vioo
kwa selotepu, kutoka jangwani, kutoka ngomeni,
kutoka mgongoni kwa askari aitwaye Mwakidudu
ambaye tangu siku hiyo tunamhesabu majeruhi.
Pembeni, akidhani mwanga haumfikii,
Semkiwa alikuwa kabana kiwiko mbavuni,
kakunja goti kidogo,
anafunga droo ya hewa.
Mara moja. Tena. Akaibadili miguu. Tena.

Jumapili iliyofuata tulikuta taa mpya
na Kapteni yuleyule: upanga juu,
masufuria mabegani, visigino gwarideni.
Ila kwenye kifundo cha mkono ule ulioinuliwa,
chini ya chuma chote cha Zohali,
kulikuwa na kitambaa chakavu, kimefungwa mafundo mawili
kama wanavyofunga kuzuia utomvu.

Mbaruku akauliza hicho ni cheo gani.
Semkiwa, mdomo umejaa mhogo,
akamsogezea dadu.