Huchelewa Kupata Habari

Saa moja na nusu asubuhi, Newala bado imejifunika ukungu,
nafunga kamba za raba kama mtoto wa darasa la kwanza
na Somoe, mke wangu, ananikagua mlangoni:
barakoa? Ipo. Maji yaliyochemshwa? Yapo.
Vidonge je?
Mfukoni. Saa mbili kamili, si mapema, si baadaye,
saa mbili ya jua na saa mbili ya usiku.
Muadhini wetu hanishindi siku hizi.

Naelekea Shimo la Mungu.
Zamani njia hii niliipita na gunia la korosho begani
nikipiga mluzi.
Sasa nahesabu nguzo za umeme.
Wiki ya kwanza nguzo mbili, nikakaa chini nikalia,
si kwa maumivu. Kwa aibu.
Jana zilikuwa kumi na tisa.

Bi Chinguile wa mazoezi, kule Ligula,
alinichorea nyuma ya kadi ya kliniki:
Mishipa ya fahamu ilikatwa, mzee.
Moyo huu hausikii amri ya kichwa,
unangoja damu ilete ujumbe,
na damu hutembea kwa miguu.
Basi anza polepole, dakika kumi,
na ukimaliza usikae ghafla. Uage kwanza.

Ndivyo ulivyo. Huchelewa kupata habari.
Juzi swila alikatiza mbele yangu,
miguu ikaruka, mdomo ukamtaja Mungu,
na moyo? Kimya, kama mtu aliyelala mchana.
Nimekwisha kaa juu ya jiwe, nyoka keshafika kwao,
ndipo ukaanza kunidunda:
nini? nini? kuna nini?
Nikacheka peke yangu njiani.
Nikaupapasa juu ya shati: yamekwisha, ndugu yangu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu nimemlaza mwaka mzima
na walinzi wa mwili wangu hawajamzoea,
kila kukicha wanauliza: huyu wa ukoo gani?
Vidonge ndivyo vinavyowatia usingizi.
Lakini mlinzi akilala, mwizi habishi hodi,
ndiyo maana msibani sishiki mkono wa mtu,
nasimama pembeni, kule upepo unakotokea,
na watu wananena: tangu arudi India, anajiona.

Juni, mashine za salfa zinanguruma mikoroshoni,
unga wa njano unapanda hadi kwenye paa.
Mimi ndani, madirisha yamefungwa.
Shamba la baba nalilima kwa masikio:
sasa Liundi yuko mstari wa nne,
sasa amezima, anajaza,
ameruka mti ule wa kona, mvivu yule.
Shangazi kaleta balungi, nimelikataa, akanuna.
Tunda tu hilo!
Linagombana na dawa, Shangazi.
Tangu lini tunda likagombana?

Sijui ulikuwa wa nani.
Walinitajia umri tu, ishirini na sita,
na daktari akageukia dirishani.
Hujui Kimakonde, hujui ming'oko,
ngoma ikilia kwa jirani mabega yangu yanatikisika
wewe bado unauliza njia.
Usiku nakusemesha. Somoe anadhani naota.
Nakwambia kuna mama yako mahali fulani
na sijui nimpe nini.

Nafika ukingoni. Ukungu unachanika,
bonde lote lipo chini, kijani juu ya kijani,
hadi Ruvuma, hadi Msumbiji.
Macho yanaona kwanza. Nasimama nangoja.
Simu inalia: saa mbili.
Nameza kimoja, nameza cha pili, maji yana joto la mfuko.
Na hapo, umechelewa kama kawaida yako, unaanza.

Somoe anapiga.
Umemeza?
Nimemeza.
Nguzo ngapi leo?
Nimesahau kuhesabu.