Zamu ya Petroli

Kiingilio mia mbili, mtoto hamsini.
Bi Somoe wa ming'oko aliingia bure
akimwachia Chilumba kifurushi cha moto mlangoni.
Mimi nilikuwa wa jenereta:
petroli, kamba ya kuvuta, na kutoongea.

Kaseti ilitoka Masasi ndani ya gunia la dagaa.
Haina jalada, haina maandishi ya chini,
watu wake ndevu tupu na makoti ya manyoya,
lugha yao kama mzee anayetafuna mfupa, hana haraka.
"Warusi," akasema Chilumba, akapuliza kipaza sauti.
Mjomba wake aliwahi kubeba bunduki yao ng'ambo ya Ruvuma,
akarudi na neno lao moja tu,
nalo halitamkiki mbele ya watoto.

Basi akatafsiri. Hajui, akatafsiri.
Mfalme akanena, Chilumba akanena zaidi:
"Anasema bei ya korosho haipandi, mtake msitake!"
Mabenchi yakalia kwa vicheko.
Mawaziri waliposujudu aliwapa majina
ya makarani wa chama cha msingi,
yule mnene akawa mpima magunia,
na kila alipofungua mdomo tulimzomea.

Theluji ikaanguka. Watoto wakauliza.
"Ukungu huu huu wetu," akasema, "wa alfajiri kule ukingoni.
Kwao unachoka, unakaa chini."
Tukaelewa. Ilikuwa Julai, Newala,
kila mtu na shuka lake mabegani.

Kisha usiku wa mfalme.
Halali. Anatembea na mshumaa, viatu mkononi,
kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe.
Anaamuru kengele iteremshwe mnarani,
ichapwe viboko (kengele!), ikatwe ulimi,
maana inamwita kwa sauti ya mtoto.
Hapo Chilumba bado alikuwa na maneno.

Mfalme akafungua sanduku. Ndani, shati dogo,
shingoni limetiwa uzi mwekundu.
Akalinusa.
Pete kila kidole, akalishika shati shavuni
kama mama anayepima kama nguo imekauka.
Akaanza kusema. Polepole. Maneno mengi.

Kipaza sauti kimya.

"Tafsiri!" Mchopa huyo, kutoka nyuma.
"Hela yetu!" Mluzi. Mwingine.
Nilichungulia dirishani: kidole cha Chilumba kwenye swichi,
taa nyekundu inawaka, mdomo wazi,
kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.
Luchingu nzima ilijua habari ya Ausi,
mkanda wa ngozi, mlango uliobamizwa,
basi la alfajiri, na miaka saba bila salamu.
Tulijua kama tunavyojua visima vilivyokauka:
hatupiti na ndoo.

Bi Somoe akageuka, ganda la ming'oko mdomoni.
"Mchopa, huna masikio? Mtu anaongea."

Basi tukasikiliza Kirusi.
Sijui dakika ngapi. Hakuna aliyekohoa
isipokuwa jenereta yangu, nje, kwenye baridi,
ikaanza kukwamakwama, tangi linaishia.
Sheria ya Chilumba mwenyewe: zima kwanza, ndipo umimine,
usije ukatuchoma sote.

Nilimimina ikiwaka.
Mkono ulitetemeka, petroli ikanilowesha kidole,
na ukutani, kupitia tundu la msumari,
mfalme aliendelea kulisemesha shati.