Meza ya Karani

Ililetwa Pasua juu ya mkokoteni, miguu juu,
kama mbuzi apelekwaye mnadani hajui bei yake.
Mkulo mtupu. Niliparuza ukucha chini ya ubavu
ikapumua kafuri, baada ya miaka yote ile.

Bi Ndeanasia alishuka kwenye bodaboda,
akanitajia bei yangu kabla sijaitaja.

Nikalowesha pamba kwa spiriti,
nikagusa penye kivuli cha mguu wa nyuma.
Ganda likalainika, likaninata kidoleni.
Shelaki.
Vanishi ya siku hizi ingenyamaza;
shelaki hujibu ukiiuliza kwa adabu.

Mama, nikamwambia, hii haitaki msasa.
Naiamsha hivi hivi, ganda lile lile,
nalilainisha, nalitandaza upya.
Rangi kama hii haiuzwi kwa lita,
imepikwa na jua la dirishani nusu karne.

Nikaanza kujigamba kwa mali isiyo yangu:
hapa pamebonyea, kiwiko cha mtu;
hapa wino ulimwagika, mbao ikaunywa;
hapa vikombe vimeacha pete, pete juu ya pete,
ndoa zisizo na idadi.

Akalitazama lile bonde dogo.
"Kiwiko hicho nimelala nacho miaka thelathini na mmoja.
Kutwa kinaandika kilo za kahawa za watu,
saa nne usiku kinarudi, mwenyewe keshakunywa chai.
Sikuuliza ya nani.
Chama kimenadi, nimeinunua kwa hela ya ndizi zangu.
Kwangua."

Siku mbili mkono ulinikatalia.
Ya tatu nikashika msasa, namba themanini.
Vumbi rangi ya ugoro
likaingia kwenye kope, kwenye redio, kwenye uji.
Namba mia na ishirini.
Mia mbili na arobaini.
Kila namba ilimpunguza yule mtu kidogo,
mpaka rula ikalala juu ya bonde
na mwanga haukupita chini yake.

Wino ulikaidi.
Nikaubembeleza kwa ndimu na chumvi,
nikauanika jua la mchana mzima;
likabaki doa la samawati,
jembamba, kama mshipa kwenye kifundo cha mkono.
Hilo nikaliacha. Au liliniacha mimi.

Kisha masika yakanifunga mikono.
Shelaki na unyevu ni mke na wifi:
ukiipaka mvua ikinyesha, hupata ukungu usoni.
Wiki nzima nilikaa kibarazani nikiutazama mlima
umejitia shuka hadi kichwani,
meza uchi ndani, imefunikwa gunia.

Kulipotakata nikaviringa pamba katika fulana kuukuu,
tone la mafuta ya kitani lisije likanata,
nikaenda kwa duara, kwa nane, kwa duara,
bila kusimama, maana ukisimama tu
kitambaa hung'oa ulichojenga.
Tabaka la kumi na moja
nikaliona bati la paa langu limo mezani,
pamoja na tundu lake.

Alikuja Jumamosi. Akaizunguka mara moja.
Kiganja chake kikapita pale palipokuwa na bonde,
kikarudi, kikapita tena.
Sikusema neno.

Akatoa chupa ya chai kapuni,
akajaza kikombe cha bati, mvuke umesimama wima,
akakitua katikati ya kung'aa kwangu,
bila kitambaa, bila kisahani.

"Mama!"
Mkono wangu ulikuwa umefika nusu njia.
"Kiache."

Akanywa taratibu, akipuliza,
kama mtu asiyengojewa popote,
na kila alipokunywa alikirudisha palepale.

Alipokiinua mara ya mwisho
pete ilikuwa pale, nyeupe, mbichi,
imefunga mviringo wake.

Nikanyoosha mkono kuchukua spiriti.
Akanisukumia noti, zimehesabiwa tayari.
"Hiyo usiiguse," akasema. "Hiyo ni yangu."